Risasi Bwete

Kwa miezi minne mwaka jana kodi yangu ya nyumba ililipwa na risasi za vifaru. Tulia, sikuuza silaha. Nilikuwa naandika maelezo ya bidhaa kwa duka moja la Uingereza linalouza mtandaoni vitu vya vita vya zamani: helmeti, beji, mikebe ya biskuti ya 1942, na hasa zile risasi kubwa zilizotengenezwa kupigwa na mizinga ya vifaru. Mwenye duka ananitumia picha sita na vipimo, mimi niko hapa Kayole na lapi yangu, naandika maneno 80 kwa kila kipande, natuma, nalipwa. Niliandika zaidi ya vipande 200. Kabla ya hapo sikuwa najua hata kuna soko la kitu kama hicho. Kumbe kuna wazee kule Yorkshire na Ohio ambao kando ya televisheni, pale wewe ungeweka spika, wamesimamisha risasi ndefu kuliko mkono wako, imesuguliwa mpaka inang'aa kama sufuria ya mama anayetarajia wageni.

Kuna neno moja lililokuwa lazima liwe kwenye mstari wa kwanza wa kila maelezo. Ni neno la kumwambia mnunuzi, na posta, na polisi, kwamba kitu hiki hakiwezi tena kulipuka. Usiku mmoja nikiwa nimechoka nikalitafuta kwa Kiswahili na kamusi ikanipa: bwete. Wanasayansi hulitumia kwa zile gesi zisizoungana na chochote. Risasi bwete. Nikacheka peke yangu, maana hilo neno nalijua vizuri kutoka kwingine. Tangu niache chuo mwaka wa tatu, wajomba zangu hawajaacha kulitumia kila mkutano wa familia. Vijana wa siku hizi wanakaa bwete. Wanasiasa nao hulipenda, wakitaka kutueleza kwa nini hatuna kazi.

Na hapo ndipo swali langu lilipoanza. Mtu akisema kitu ni bwete, anasema nini hasa? Ni bwete kwa nani? Na je, ni sawa mtu mzima kukipenda kitu kama hicho, kukitolea pesa na kukipa sehemu nzuri ya sebule, akijua wazi kilitengenezewa kazi gani?

Hebu kwanza tukiangalie chenyewe, maana kuhukumu kitu bila kukiangalia ndiyo starehe yetu ya mtandaoni. Risasi ya kifaru ni kama risasi ya bunduki iliyokua. Chini kuna ganda, ndani ya ganda kuna baruti, katikati ya kitako kuna fataki ya kuiwasha, na juu kuna kichwa, ndicho kinachoruka. Risasi ya mzinga wa milimita 88 wa kifaru cha Kijerumani cha Tiger ina ganda la milimita 571. Ganda pekee, zaidi ya nusu mita. Kichwa chake cha kutoboa chuma kina uzito wa kilo 10 hivi, sawa na mfuko mdogo wa unga wa dukani mara tano. Sasa fikiria kijana wa miaka 20 akiinua kitu hicho ndani ya chuma chenye joto, tena na tena.

Ili iwe bwete, baruti yote lazima iwe imetolewa, fataki iwe imeshapigwa au imeondolewa, na kama kichwa kilikuwa na kilipuzi ndani, kiwe kimetolewa na nafasi yake kusafishwa. Wengine hutoboa tundu ubavuni ili kila mtu aone kwamba ndani ni hewa tupu. Uingereza kuna cheti kinachosema kipande hakina kilipuzi chochote. Marekani sheria inapima kwa mizani: kichwa chenye kilipuzi cha zaidi ya robo wakia, kama gramu 7, kinahesabiwa kuwa kifaa cha maangamizi na lazima kisajiliwe. Chini ya hapo, au kikiwa kitupu, ni pambo. Kwetu Kenya usijaribu. Ukipatikana na risasi bila leseni, hata uwe na cheti cha malaika, utaeleza hayo maneno ya pambo ukiwa seli.

Nitasema ukweli: vitu hivi ni vizuri. Sipendi kusema hivyo lakini ni hivyo. Ganda la shaba limechanganywa sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki, kwa sababu mchanganyiko huo hutanuka risasi inapopigwa, ukaziba mwanya wote moshi usirudi nyuma, kisha hunywea tena ili ganda litoke kwa urahisi. Kuna mtu alikaa chini akafikiria hilo. Halafu kuna yale maganda ya Kijerumani ya miaka ya mwisho ya vita, ambayo si ya shaba tena, ni ya chuma kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu. Shaba ilikuwa adimu. Mkusanyaji mzuri hutembea na sumaku mfukoni. Sumaku ikinasa, ameshajua kitu kuhusu uchumi wa Hitler kabla hata hajafungua kitabu. Hiyo ndiyo ilinishika mimi. Nilisoma historia chuoni na hakuna mhadhiri aliyewahi kunipa kitu cha kushika.

Na kitakoni kuna chapa: mwaka, kipimo, alama ya kiwanda, namba ya kundi ambalo risasi hiyo ilitoka nalo. Kila kitu kina kumbukumbu. Hata mimi sina rekodi nzuri hivyo kwenye hospitali niliyozaliwa.

Lakini neno bwete halishiki kirahisi kama sumaku. Mwaka 2008 huko Virginia, mkusanyaji mmoja mzoefu alikuwa anasafisha tufe la mzinga la Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Lile tufe lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 140. Lilimuua hapo hapo nyumbani kwake. Na kuna ile stori nyingine ya Desemba 2021 kule Gloucester, Uingereza, ambayo pengine uliicheka mtandaoni: mwanamume aliyefika hospitalini akiwa na kichwa cha risasi ya milimita 57 mahali ambapo risasi haifai kuwa, akieleza kwamba aliteleza akipanga mkusanyo wake, akaikalia. Kilikuwa chuma kitupu. Hata hivyo kikosi cha kutegua mabomu kiliitwa. Cheka, mimi pia nilicheka. Ila angalia walichofanya: hakuna daktari aliyekubali kusikia tu kwamba ni salama. Walitaka mtu anayejua aje, aangalie, aseme. Hilo nitalirudia.

Sasa, watu niliowaeleza kuhusu kazi hii walikuwa na jibu moja la haraka: hao wazee wanapenda vita. Mimi siamini. Kwa miezi minne nimesoma maswali yao. Wanauliza kuhusu rangi ya mistari kwenye kichwa, kama ni ya asili au imepakwa upya. Wanauliza kama ganda na kichwa ni vya mwaka mmoja. Mmoja alitaka risasi ya aina fulani kwa sababu baba yake alikuwa mpakiaji ndani ya kifaru cha Sherman na hakuwahi kusema neno hata moja kuhusu vita mpaka akafa, na huyu mtoto wake, ambaye sasa ni babu, alitaka tu kujua uzito. Yaani alitaka kuinua. Sijui utamwambia nini mtu kama huyo. Ati unatukuza vita?

Halafu sisi wenyewe ni nani wa kuongea. Bendera yetu ina ngao na mikuki katikati. Nembo ya taifa ina simba wawili walioshika mikuki. Nenda sebule za watu hapa Nairobi uhesabu ngao za kununuliwa barabarani, mikuki miwili iliyopishana juu ya sofa, simi ndani ya ala nyekundu. Hakuna anayeuliza mkuki huo uliundwa kumtoboa nani. Tumeufanya bwete kwa kuupitisha dukani.

Kwa muda nilidhani hoja hiyo inamaliza maneno. Kama mkuki ni sawa, risasi ni sawa. Lakini nilipoendelea kuandika yale maneno 80 niligundua kwamba vitu hivi viwili havifanani, na tofauti yenyewe iko kwenye umbo.

Chukua kile kichwa cha milimita 88. Ukikikata katikati kwa urefu, na kuna watu wanaolipa vizuri sana kipande kilichokatwa hivyo, utaona chuma kigumu karibu chote, kisha kwa nyuma kitundu kidogo. Hapo ndipo kilipuzi kilikaa, chini ya gramu 100, na nyuma yake fyuzi. Fyuzi hiyo haikuundwa kulipuka ikigusa tu. Iliundwa kusubiri. Sehemu ndogo ya sekunde, mpaka kichwa kiwe kimeshapita ukuta wa chuma na kuingia. Mbona isubiri? Kwa sababu nje hakuna mtu. Watu wako ndani. Sherman ilibeba watano: kamanda, mpigaji, mpakiaji, dereva na msaidizi wake, kwenye nafasi ambayo ukiigawa utampa kila mmoja kitu kidogo kuliko bafu ya bedsita. Mhandisi fulani ofisini, pengine mtu mpole, mtu wa kupenda watoto wake, alikaa akapiga hesabu ya muda huo wa kusubiri. Mimi niliandika: nafasi ya kilipuzi, tupu, imesafishwa.

Au chukua aina nyingine ambayo Waingereza waliitumia baada ya vita ile, ambayo haitoboi kabisa. Kichwa chake ni laini. Kikigonga ukuta wa kifaru kinabandika kilipuzi pale kama donge la unga wa chapati, kisha kinalipuka kikiwa kimetandazika. Ukuta haupati hata tundu. Kinachotokea ni kwamba kipande cha chuma kinabanduka upande wa ndani wa ukuta huo huo na kuruka ndani. Chuma kilichokuwa kinamlinda mtu ndicho kinamuua.

Ukishaelewa hivyo huwezi tena kukiangalia kama chombo cha maua. Kila kipimo chake ni jibu la swali moja: nitamfikiaje mtu aliyejificha nyuma ya chuma? Mkuki hauulizi hivyo. Mkuki unakuonyesha zaidi aliyeushika, urefu wa mkono wake, jinsi anavyosimama, jamii yake. Ndiyo maana unaweza kuwa nembo. Risasi ya kifaru haisemi chochote kuhusu aliyeipiga. Inamchora aliyelengwa, kama vile kufuli linavyochorwa na ufunguo.

Na hapa mimi natofautiana na wale wanaotaka vitu hivi viyeyushwe vyote. Mkusanyaji wa kweli, yule anayejua kwa nini fyuzi inasubiri, anajua kitu kuhusu kifo ambacho sisi tunaotazama filamu za vita hatujui. Akikubali kulifuata wazo hilo mpaka mwisho, lile rafu lake ni mahali pa kufikiria. Shida ni kwamba wengi wanasimama katikati. Lebo inasema milimita, inasema mwaka, inasema kiwanda, kisha kimya.

Hata kiwanda. Lebo ikisema Barnbow, Leeds, inasema tu mahali. Usiku wa tarehe 5 Desemba 1916, wakati wa vita ya kwanza, wanawake waliokuwa wakijaza risasi za mizinga pale Barnbow walilipukiwa, wakafa 35. Habari hiyo ilibanwa isitoke wakati ule. Wenzao wengi waliofanya kazi na kemikali zile ngozi zao zilikuwa zimegeuka manjano. Miaka mingi baadaye Barnbow ilikuwa inaunda vifaru. Au chapa za Kijerumani: ukiona herufi tatu kam kitakoni, hiyo ni alama ya kampuni ya HASAG kule Skarżysko-Kamienna, Poland, ambako maelfu ya Wayahudi walilazimishwa kutengeneza risasi, na wengi wakafia hapo hapo kazini. Herufi tatu. Mkusanyaji anazisoma kwa lenzi, na bei inapanda au kushuka kulingana na jinsi zilivyo safi. Niliwahi kuongeza sentensi moja kwenye maelezo kuhusu hao watu. Mwenye duka aliifuta, kwa adabu kabisa, akisema wanunuzi hawapendi kusoma mengi.

Nilipokuwa nafikiria hizo chapa nilikuwa kwenye matatu, tumekwama karibu na Kariokor. Jina hilo unalijua kwa viondo na nyama choma. Ni Kiingereza kilichopitia vinywani mwetu: Kikosi cha Wabebaji, wale wanaume waliokusanywa Afrika Mashariki yote wakati wa vita ya kwanza kubeba chakula na risasi za Waingereza kwenda kuwafuata Wajerumani Tanganyika. Dar wana Kariakoo yao, neno ni lile lile. Hakukuwa na vifaru kwenye vita hiyo ya huku. Kulikuwa na mizinga midogo, na kulikuwa na vichwa na mabega ya watu. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa ugonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Pale Kenyatta Avenue kuna zile sanamu tatu, na mmoja wao ni mbebaji. Mwezi wa Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia upande wa Uingereza katika vita hiyo, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa.

Sasa weka hayo mawili pamoja. Risasi ina mwaka, kiwanda, na namba ya kundi. Aliyeibeba hana jina.

Labda utasema hayo ni ya zamani. Sawa, twende Samburu na Laikipia. Jeshi la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi huko kwa miongo mingi, Archers Post, Dol Dol. Risasi na mabomu ambayo hayakulipuka yalibaki kwenye nyasi. Mengi si ya vifaru, ni mota, guruneti na vitu vya aina hiyo, lakini familia ni moja. Wachungaji wa Kimaasai na Kisamburu walikuwa wakiyakanyaga, wakiyaokota. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200 walioumia au kufiwa. Wengine walikuwa watoto waliokuwa wakichunga mbuzi. Na baada ya fidia hiyo watu wameendelea kuumia.

Sasa jiulize mtoto huyo anaokota kwa nini. Kwa sababu kinang'aa. Kwa sababu ni kizito kwa namna ya ajabu, kina umbo ambalo hajawahi kuona, kina maandishi madogo kitakoni. Anataka kukipeleka nyumbani aonyeshe wenzake. Yaani huyo ni mkusanyaji. Hamu yake na ya yule mzee wa Yorkshire ni moja, na mimi ninayeandika maelezo nikiwa Kayole nina hamu hiyo hiyo, la sivyo hungekuwa unasoma hii. Kilichowatenganisha ni kwamba mmoja alitanguliwa na mtu aliyetoa baruti, akatoboa tundu, akaandika cheti. Mwingine hakutanguliwa na mtu.

Kwa hivyo nimefika mahali ambapo siamini tena kwamba bwete ni sifa ya chuma. Chuma hakijui kama kina baruti. Bwete ni kazi ya watu: kuna aliyeangalia, kuna aliyetoa, kuna aliyeandika, na kuna anayekumbuka. Kazi hiyo ina gharama na kuna mtu anailipa. Kule Ubelgiji, zaidi ya miaka 100 baada ya vita, wakulima wakilima bado wanaibua mabomu, wanayaweka kando ya barabara, na jeshi linapita kuyachukua; ni zaidi ya tani 100 kila mwaka. Mkulima wa kule anapiga simu na gari linakuja. Mchungaji wa Archers Post angempigia nani?

Hapo ndipo naona kosa linapoweza kuwepo kwenye hobi hii. Kupenda shaba si kosa. Ila mtu anayeketi jioni akiangalia risasi yake iliyo salama, na hajawahi kujiuliza usalama huo ulitoka wapi na uliishia wapi, anafurahia kitu ambacho wengine walinyimwa. Bei ya risasi moja nzuri kwenye lile duka ingelipa kodi yangu miezi mitano. Kuna mashirika yanayosafisha mabomu duniani kote na yanachukua michango. Sijawahi kuona lebo ya mnada inayosema sehemu ya pesa hii inaenda huko. Labda ipo. Ningependa sana kuiandika mimi, maneno 80 nayatosha.

Kenya tumewahi kuchagua njia nyingine kabisa. Tarehe 30 Aprili 2016 tulichoma tani 105 za pembe za ndovu pale mbuga ya Nairobi, pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za kifaru, kifaru yule wa kweli. Novemba mwaka huo huo serikali ikachoma bunduki haramu zaidi ya 5,000 kule Ngong. Wazo lilikuwa kwamba vitu vingine havifai kubaki, hata kama pambo, hata kama ni bwete, kwa sababu kuviweka ni kuvipa bei. Naielewa hoja hiyo, na kwa pembe nakubaliana nayo. Kwa risasi za zamani nasita. Hakuna anayeua mtu leo ili apate ganda la 1943.

Na kuna mahali tumeweka badala ya kuchoma. Ukienda Fort Jesus, Mombasa, utaona mizinga miwili ya meli. Mmoja ni wa meli ya Kijerumani Königsberg, mwingine ni wa meli ya Kiingereza Pegasus. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliivamia Pegasus bandarini Zanzibar ikaizamisha. Mwaka uliofuata Königsberg nayo ikazamishwa kwenye delta ya Rufiji, na Wajerumani wakaiopoa mizinga yake wakaiburura nchi kavu, au tuseme walioburura ni Waafrika. Sasa mizinga hiyo miwili iko pamoja na watoto wa shule wanaipanda kupiga picha. Mimi pia nimewahi kuipanda. Ukiwa na mtu wa kukueleza, mahali pale panaongea. Usipokuwa naye, ni chuma cha kukalia wakati unangoja wenzako watoke chooni.

Mwenye duka, ambaye hatujawahi kuonana na pengine hatutaonana, aliwahi kuniandikia barua ndefu isiyo ya kazi. Alikuwa anazeeka, na wateja wake pia. Alieleza jinsi inavyokuwa mmoja wao akifa. Watoto wanaishi mbali na hawataki vitu hivyo. Mjane anafungua gereji, na huko nyuma ya mashine ya kukata nyasi kuna risasi sita zimepangwa. Mume alijua kila moja, alinunua lini, nani aliitoa baruti. Cheti kiko mahali, kwenye droo fulani, labda kilitupwa na magazeti. Mjane anapiga polisi. Barabara inafungwa, majirani wanatolewa na mbwa wao na dawa zao, wanakaa kwenye ukumbi wa kanisa mpaka jioni. Kikosi kinafika, kinaangalia, na kama hakuna karatasi wala mtu wa kusema, hawabahatishi. Wanazibeba hadi shambani, wanachimba shimo, wanarundika mifuko ya mchanga, na wanazilipua kwa vilipuzi walivyokuja navyo, maana zenyewe zilikuwa tupu.